Kiu ya Babu

Kila alasiri, jua lilipofika kwenye pazia la njano, Bibi aliomba jambo moja tu.

"Nisimulieni siku aliyokuja."

Yaani siku Babu alipokuja mara ya kwanza mlangoni kwa wazazi wa Bibi. Babu alikuwa ameshafariki. Kumbukumbu za Bibi nazo zilikuwa zikimtoka polepole, kama moshi dirishani. Siku ile tu ndiyo iliyobaki.

Mjukuu wake, fundi cherehani, aliijua kwa moyo. Lakini alasiri ndipo wateja walipojaa barazani. Basi akaiandika kwenye karatasi, ili mumewe amsomee Bibi.

Fundi alijifunza kuandika ukubwani. Aliandika kama alivyoshona: moja kwa moja, bila kukata uzi.

Mume akakaa karibu na Bibi, akasoma:

"Nimekuja kuomba maji maji yapo kiu ipo kiu ilikuwepo nimekuona nimeisahau basi rudisha kikombe..."

Akakohoa. "Mke wangu, hapa nipumue wapi?"

Bibi alitikisa kichwa. Machozi yalimlengalenga.

"Huyo si yeye. Mume wangu mmempeleka wapi?"

Barazani, cherehani ikanyamaza. Fundi aliona kama wamemzika Babu mara ya pili.

Jirani yake alikuwa amekuja kuchukua sketi. Kazi yake ilikuwa kusahihisha vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji.

"Hebu nione hiyo karatasi, shoga." Akaisoma, akacheka. "Makubwa! Umewavisha watu wawili gauni moja. Nani atajua mkono ni wa nani?"

"Mshono mzuri haukatwi katikati," fundi alijitetea.

"Wa nguo, sawa. Hawa ni watu wawili, wakatie nguo mbili. Kila anayesema, mwanzie mstari mpya. Maneno ya kinywani mwake yatie ndani ya alama za usemi, mwanzo na mwisho. Akiuliza, weka alama ya kuuliza kabla hujafunga."

"Na nikitaka kueleza nani kasema?"

"Weka koma, funga alama, ndipo uandike 'alisema kijana'. Hayo ni maneno yako wewe. Yakae nje."

Fundi aliinama juu ya karatasi nyingine. Safari hii alikata uzi:

"Nimekuja kuomba maji," alisema kijana.

"Maji yapo. Kiu ipo?" aliuliza msichana.

"Kiu ilikuwepo. Nimekuona, nimeisahau."

Kesho yake jua lilifika tena kwenye pazia. Chumba kizima kikawa rangi ya asali. Mume alisoma taratibu. Kwa kijana alishusha sauti, kwa msichana akaipandisha. Vumbi lilielea kwenye mwanga, kana kwamba mtu amepita hapo sasa hivi.

Mwisho wa mstari wa tatu, alitua apumue.

Bibi alikuwa amefumba macho. Alinyoosha mkono mbele yake, akatabasamu, akajibu mwenyewe:

"Basi rudisha kikombe!"