Halafu Nilisema Nini?

Kila Jumatano, wenzake walipokimbilia uwanjani kucheza mpira, Syntiche alielekea chumba cha kompyuta. Shule yao ya mtaa wa Bel-Air, mjini Lubumbashi, ilikuwa na kompyuta chache, na baadhi yake zilikohoa kama wazee kila zilipowashwa. Hapo ndipo Mwalimu Osée alipowakusanya wanafunzi waliopenda kuandika. Kazi yao ilikuwa kuongeza makala katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, na yeyote anaweza kuiandikia.

"Kila mmoja amchague mtu wa Lubumbashi ambaye hajaandikwa," Mwalimu alikuwa amewaambia. "Andikeni kutoka kwenye magazeti na vitabu, si kutoka kwenye hasira au mapenzi yenu. Mtu akiwa na maoni, yaelezeni yote. Na waliompinga, waelezeni pia."

Syntiche alimchagua Rigobert Chisanga. Zamani Chisanga alikuwa mwandishi wa habari za siasa, na sauti yake nzito ilisikika redioni kila jioni akiwachambua wakubwa bila woga. Wengi walimsifu. Lakini nyumbani kwa akina Syntiche jina lake lilitajwa kama jina la ugonjwa. Bibi yake, ambaye alimwita Kambo Delphine, hakutaka hata kulisikia.

"Ule muntu alivunja mugomo ya babu yako," Kambo alisema, huku akisonga bukari, ugali wa kwao, jikoni. "Bafanyakazi ba karakana ya mabehewa walikataa kazi sababu ya winchi yenye kuvunjika, ye akaenda kusema ku redio barudi. Babu yako akafukuzwa. Sasa hata kufa alishakufaka, hakuna mwenye anamulilia."

Katika picha za magazeti ya zamani ambazo Mwalimu alizipata maktabani, Syntiche aliyakuta maneno yenyewe. Chisanga alikuwa amesema: "Wafanyakazi warudi kazini." Moyo wa Syntiche ukadunda kwa furaha. Kumbe Kambo alisema kweli! Kisha jicho lake likateremka hadi mstari uliofuata, akausoma mara mbili. Mstari ule haukumpendeza.

Akaufunga ukurasa wa gazeti. Katika makala yake aliandika maneno yale matatu tu, akaongeza kwamba Chisanga alikuwa adui wa wafanyakazi, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Tracy, rafiki yake, aliisambaza makala ile kwenye simu za mtaa mzima. Siku chache baadaye, Syntiche alipokuwa akirudi kutoka shuleni, aliona ukuta mmoja umeandikwa kwa makaa, herufi kubwa kama za mtu mwenye ghadhabu: ADUI.

Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu kwenye kona, nyuma ya mjakaranda. Madirisha yake yalifungwa mwaka mzima. Watu walisema ni nyumba ya Chisanga na kwamba haina mtu. Maua ya mjakaranda yalikuwa yameanguka na kuoza mlangoni, na juu ya maua yale hapakuwa na alama ya mguu hata mmoja.

Syntiche aliharakisha. Mawingu ya mvua yalikuwa yametanda, mchana ukawa kama magharibi. Ghafla umeme ukakatika. Muziki wa baa ukanyamaza, mashine ya kusaga ikanyamaza, redio zote za barabara ile zikazimika. Mtaa ukawa kimya kama kanisa tupu.

Katika ukimya ule, sauti nzito ya mwanamume ikatoka ndani ya nyumba iliyofungwa.

"Wafanyakazi warudi kazini..."

Ikakatika. Si kama mtu aliyemaliza kusema. Ilikatika kama uzi.

Syntiche alisimama, nywele zikimsisimka. Akasubiri. Hapakuwa na kitu, ila upepo uliokuwa ukisukuma maua yaliyooza. Kisha sauti ikarudi, ileile, kwa mwendo uleule: "Wafanyakazi warudi kazini..." Ikakatika palepale.

Palepale alipoikata yeye.

Alikimbia hadi nyumbani. Kambo alipomwuliza kwa nini anatweta, alisema anaikimbia mvua. Kesho yake alipita njia nyingine, lakini upepo ukamletea sauti ile juu ya mapaa ya mabati. Alijiambia kwamba wafu hawasemi. Lakini kama hawasemi, nani alikuwa anasema?

Jumatano ilipofika, aliifungua makala yake. Kila makala ya kamusi ile ina ukurasa wa majadiliano, ambapo wasomaji huuliza na kusahihisha. Ukurasa wake ulikuwa mtupu tangu mwanzo. Sasa ulikuwa na mstari mmoja, bila jina la aliyeuandika:

*Halafu nilisema nini?*

Syntiche aliangalia nyuma yake, kana kwamba mtu alikuwa amesimama pale akingoja jibu.

"Syntiche, unaumwa?" Mwalimu Osée aliuliza. Kisha naye akauona mstari ule. "Nani ameandika hivi?"

"Yeye mwenyewe, Mwalimu," Syntiche alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Alikufa, lakini anasema. Nimemsikia nyumbani kwake. Anaishia pale nilipomkatiza."

"Ulimkatiza?"

Basi Syntiche akaeleza yote: mstari wa pili, jinsi alivyouona, na jinsi alivyouficha. Mwalimu hakupaza sauti. Alichapisha ukurasa ule wa gazeti, akaukunja. "Maiti hawana simu ya kuandikia, mwanangu. Twende tukaone nani anauliza."

Walifika kwenye nyumba ya kona. Mwalimu alibisha. Mlango wa mbele haukufunguka, lakini mwanamke mmoja alitokea upande wa nyuma, amejifunga kitenge. Alijitambulisha kuwa Brigitte, binti wa Chisanga.

"Tunapitaka nyuma siku zote," alisema. "Na tangu baandike ile neno ku ukuta, Baba hataki hata kidogo mulango ya mbele ifunguliwe."

"Baba?" Syntiche aliuliza. "Papa Rigobert yuko hai?"

"Iko hai. Lakini hasemi. Kiharusi kilimunyang'anya sauti."

Ndani kulikuwa na giza, na harufu ya dawa na karatasi za zamani. Mzee mwembamba aliketi kwenye kiti karibu na dirisha lililofungwa. Mbele yake palikuwa na redio kaseti ya betri. Kidole chake kikabonyeza, na sauti ile nzito, sauti ya mtu mwenye nguvu, ikatoka kwenye kile chombo huku midomo ya mzee ikitetemeka bila kutoa hata pumzi: "Wafanyakazi warudi kazini..."

Ikakatika.

"Alisoma makala ku telefone yangu," Brigitte alieleza. "Akatafuta kaseti ya ile siku. Ilikuwa ya zamani; kufika palepale, mukanda ukakatika, mwisho hatukuusikia. Ile yenye kubakia haipatikane tena. Kiharusi kilikula kumbukumbu yake mingi. Sasa ananiandikia kila siku: labda njo vile nilisema tu. Labda nilikuwa muntu mubaya. Njo maana aliwauliza."

Syntiche akaelewa. Swali lile halikuwa la kumtisha mtu. Mzee alikuwa anauliza kweli, na duniani hapakuwa na mwingine aliyekuwa na jibu mkononi isipokuwa yeye.

Alipiga magoti mbele ya kiti. "Nisamehe, Papa. Ni mimi niliyeandika. Niliyaona maneno yako yote, nikayaficha." Akaukunjua ukurasa, akasoma: "'Wafanyakazi warudi kazini siku ambayo winchi iliyovunjika itaondolewa. Bwana asiyethubutu kusimama chini ya winchi ile, asimwamuru mwingine asimame.'"

Mzee alifumba macho. Akaashiria kwa mkono: tena. Syntiche akasoma tena, na safari hii midomo ya mzee iliyafuata maneno yake mpaka mwisho. Machozi yakamtiririka, naye hakuyafuta. Brigitte alikwenda akasukuma dirisha, mwanga ukaingia.

"Nitaandika kwamba ulikuwa mtetezi wa wafanyakazi," Syntiche alisema kwa haraka. "Yale waliyosema wabaya wako sitayaandika."

Mzee alitikisa kichwa kwa nguvu. Akachukua kibao chake na chaki, akaandika polepole, herufi zikiyumba: *Yaandike. Wafanyakazi walifukuzwa. Wana haki ya kusema.*

Jioni ile Syntiche na Mwalimu waliisahihisha makala. Neno "adui" waliliondoa, kwa kuwa hakuna gazeti lililolisema. Maneno ya Chisanga yakawekwa yote, pamoja na jina la gazeti na tarehe yake. Chini yake yakafuata maneno ya chama cha wafanyakazi, kwamba mabwana walikitumia kipande cha hotuba yake kuwarudisha kazini kwa nguvu, na kwamba alichelewa mno kuwapinga mabwana hao.

"Kutompenda mtu si kosa," Mwalimu Osée alimwambia walipokuwa wakifunga chumba. "Kumpinga pia si kosa. Lakini ukichukua nusu ya neno lake ukaificha nusu nyingine, umemkata ulimi. Mwandishi mwaminifu humwacha mtu amalize kusema, kisha huwaacha wapinzani wake nao waseme."

Nyumbani, Syntiche alimweleza Kambo Delphine kila kitu, kisha akamsomea makala mpya. Kambo aliacha kuchambua maharage.

"Ile winchi," Kambo alisema. "Alisema ile? Ku redio?"

"Alisema, Kambo."

"Babu yako alikuwa kule ku karakana, redio hakuisikia. Bantu balimwambia nusu tu. Akamuchukia muntu mpaka kaburini sababu ya nusu." Alipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Mie bado simupendi, mutoto wangu. Alichelewa. Lakini nusu ya neno ni mubaya kuliko uongo, sababu muntu anaiamini upesi."

Kisha akasogeza kigoda karibu na mjukuu wake.

"Soma tena, kutoka mwanzo. Na ya bafanyakazi pia. Usiruke kitu."

Syntiche akasoma.