Glavu za Roselida

Glavu zilikuwa zimevimba. Selpha aliziacha kwenye kamba zikiwa zimenyauka, jozi mbili alizozifua kwa sabuni na kuzipaka poda zitumike tena kesho yake, maana mwaka ule wa tisini na sita hospitali ya misheni njia ya Malaba haikuwa na mpya. Sasa kila kidole kimejaa, na dirisha limefungwa.

"Ni joto tu," alijiambia. Joto gani hilo, jamani, la kujaza vidole ishirini?

Chumba kile kilikuwa chake peke yake. Ndimo alimochanganyia dawa za saratani, zile kali zinazochoma mshipa na kunyonyoa nywele, na wauguzi wenzake waliogopa hata kula naye. Kabla yake alikuwa Roselida, aliyechanganya miaka sita, mimba tatu zikamtoka, kisha damu yake mwenyewe ikamgeuka akafa. Watu wakasema amerogwa.

Selpha naye alikuwa ameshapoteza mbili. Hii ya tatu, ya miezi mitatu, waliijua watu wawili tu: mumewe Okwara, aliyeshinda wiki nzima Malaba na makaratasi ya malori, na mama mkwe, Nasimiyu.

"Mimba haitangazwi," Nasimiyu alimwonya. "Macho ya watu ndiyo yalikula zile mbili. Nyamaza mpaka ijioneshe yenyewe."

Basi angeombaje kutolewa mle bila kutaja sababu? Alinyamaza. Upweke ukamla mpaka akawa anaongea na vichupa.

Alasiri moja ya mvua akajibiwa. Alikuwa amevuta dawa nyekundu kwa sindano, tone likamrukia kwenye glavu iliyotoboka, na ladha ya chuma ikamjaa mdomoni. Nyuma yake mtu akavuta pumzi.

"Pole, dada. Hata mimi ilikuwa ikinirukia."

Selpha hakugeuka. "Nani?"

"Kwani umesahau ni nani alikuwa na hii kiti?"

Akataka kupiga kelele, na wakati huo huo glavu moja ikajinyofoa kwenye kamba, ikaja taratibu juu ya meza, ikapita vichupa bila kuangusha hata kimoja, ikashuka, ya baridi, yenye poda, ikamlalia tumboni, pale pale ambapo hakuna mtu hospitalini aliyejua pana kitu, ikaanza kupapasa kama mkunga anayetafuta kichwa cha mtoto.

"Usiambie mtu," sauti ikanong'ona, karibu kulia. "Ukisema watakutoa. Mimi nitabaki na nani? Watoto wangu watatu wamo humu, na wale wawili wako pia, lakini hawajajua kuongea."

Kilichomuuma Selpha, na kilimuuma kweli, ni kwamba alimhurumia. Miezi mingi hakuna aliyekuwa amemwita dada. Lakini tumbo likamkaza, akatoka mbio, akapita foleni yote ya wagonjwa, akausukuma mlango wa matroni Jacinter.

"Matroni, niko na mimba!"

Foleni nzima ikageuka. Matroni akamvuta kwenye bomba la maji, akamsugua mikono kwa sabuni huku akifoka: "Na umekuwa ukichanganya hiyo sumu na tumbo? Wewe! Mficha uchi hazai, hujawahi kusikia?"

Mganga hakuitwa. Matroni alimhamishia Selpha kwenye chanjo ya watoto, akazichoma zile glavu za kufuliwa, akaagiza nene za kutupwa zikishatumika, na aproni, na dirisha wazi, na kwamba hakuna atakayechanganya peke yake tena. Chumba kikatulia.

Mtoto akazaliwa mzima, msichana. Akalia siku tatu.

Nasimiyu akampakata, akaita majina ya marehemu wa ukoo moja moja, kama ilivyo desturi, kwa kuwa mtoto hulia akidai jina la marehemu atakayemrithi na akilisikia hunyamaza. Akaita nyanya, akaita mashangazi, hadi wale wa Nambale waliokwishasahaulika. Mtoto alizidi tu. Sauti ilikuwa imemkauka, na ziwa alikuwa amelikataa.

"Anataka nani huyu?" Nasimiyu akauliza, jasho likimtoka. "Kama kuna mwingine unamjua, mwanangu, sema. Atatufia."

Selpha alimjua. Alimjua tangu kilio cha kwanza, akanyamaza kwa hofu. Akaitazama midomo ya mtoto inavyobadilika rangi, akainama.

"Roselida."

Mtoto akanyamaza, akageuza kichwa, akalishika ziwa akanyonya.

"Ee Mungu asante!" Nasimiyu akapiga makofi. "Na huyo Roselida ni wa upande gani? Wa kwenu?"

"Hapana, mama," Selpha akasema. "Wa kazini."