Diski Iliyozikwa na Kondo

Mwanamke yule hakuja kwa shari. Alikuja kliniki yetu ya wazazi pale Bantul, kisiwani Java, kupima mimba, na muuguzi Wening alipofungua picha yake ya ultrasound ya mwezi uliopita, mama wa watu akasema kwa upole, "Dada, huyo si wangu." Mtoto wa kwenye picha hakuwa amejikunja tumboni. Alikuwa ameketi, macho wazi, ndani ya kitu cha mviringo chenye mdomo, mfano wa chungu.

Wening akamwita Sunu, mtunza kompyuta, ambaye kwa heshima tulimwita Mas, yaani kaka. "Mas Sunu, njoo uone mashine yako inavyotuaibisha."

"Umefungua faili la mtu mwingine."

"Nimefungua ya watu kadhaa. Mtoto ni huyohuyo, Mas. Njoo tu."

Sunu alikuwa mtu wa kujiona, niseme ukweli, lakini kazi yake aliijua. Picha zote za kliniki zilikaa kwenye diski mbili zenye nakala ileile, kwa sababu diski huoza kimyakimya: picha inaharibika ndani kwa ndani, na hakuna kengele inayolia mpaka siku utakapoihitaji. Kwa hiyo kila Ijumaa mashine ilijikagua. Iliisoma kila picha, ikailinganisha na alama iliyowekewa siku ya kwanza, na ikikuta nakala mbovu iliandika juu yake ile nzima.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa na ukaguzi ulikuwa ukiendelea. Sunu akasoma kwenye kioo. Diski ya kwanza: picha mbovu, zinarekebishwa. Diski ya pili: vivyo hivyo. Diski ya tatu: nzima, ndiyo inayotumika kuzirekebisha nyingine.

Hapakuwa na diski ya tatu. Aliichomoa mwenyewe kabla mkewe hajajifungua, kwa kuwa ilikuwa ikioza bila sababu yoyote aliyoweza kuieleza. Alitia mkono kwenye nafasi yake akagusa vumbi. Na diski ile alijua ilipo. Ilikuwa uani kwake, chini ya udongo, ndani ya chungu kimoja na kondo la nyuma la bintiye Tantri.

Kwetu sisi Wajava, kondo ni mdogo wake mtoto. Baba huliosha, hulitia chunguni na kulizika karibu na mlango, na juu yake huwashwa taa. Wengi hutia humo penseli na karatasi ili mtoto awe mwepesi wa kusoma. Sunu aliona penseli ni mambo ya wazee. Yeye akatia diski, binti aje awe fundi wa kompyuta, kisha akatutambia kliniki nzima. Tulicheka naye. Leo najutia kile kicheko.

Alijaribu kuusimamisha ukaguzi, ukakataa. Ndipo kwenye orodha ya picha mbovu likapanda jina la Tantri, ile picha yake ya tumboni akinyonya kidole, na kando yake: inarekebishwa. Sunu hakuaga mtu. Alipanda pikipiki.

Mkewe, Lastri, alikuwa mlangoni na mtoto mikononi. "Usiniambie tena nina usingizi, Baba Tantri," alisema kwa sauti ya chini. "Kila Ijumaa mtoto anageuka kidogo. Alama ya sikio la kushoto imehamia la kulia. Na tangu asubuhi hajalia."

Alikuwa amemwita Mbah Ginah, mkunga aliyempokea mtoto. Bibi huyo alikuwa uani, amepiga magoti, sikio lake limegusa udongo.

"We Sunu, ulitia nini humu?"

"Diski, Mbah. Inatunza picha."

"Picha za nini?"

"Za watoto. Iliharibika nikaitoa."

"Haikuharibika. Ilikuwa na mwenyewe." Mbah Ginah alinong'ona bila kuinuka. "Jini lilikaa na sura za watoto, halina mwili. Wewe ukalizika na mdogo mtu, likapata mwili. Sasa linataka litoke lenyewe, aingie Tantri, dada mtu, mahali pake. Chimba."

Sunu akachimba. Jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakirudi kutoka msikitini wakizungumza mambo yao, lakini pale chini ya udongo kulikuwa na mvumo, ule mvumo wa diski inayozunguka alioishi nao kazini miaka yote hata akawa hausikii, na kadiri alivyochimba ukazidi, na harufu ikapanda, si ya kuoza, bali ya maziwa na chuma cha moto, mpaka jembe likagonga chungu na mfuniko ukateleza wenyewe, na ndani hapakuwa na kondo wala kitambaa alichokizungushia, ila diski peke yake, imelowa, ina joto la mwili wa mtu, inazunguka bila waya wowote.

Kisha ikalia. Ilikuwa sauti ya kichanga, imekwama kooni, inatafuta pumzi.

Sunu akashusha jembe. "Mbah, inalia."

"Majini huigiza. Usisikilize. Piga kabla halijamaliza kazi yake."

Alipiga kwa jembe, akapiga tena, na kilio kikakatika katikati. Mbah Ginah akasoma dua zake, akamwaga chumvi, akafukia vipande. Mvumo ulikuwa umekwisha. Sunu alikaa chini akalia kwa furaha, bila aibu.

Alipotoa simu akakuta ujumbe wa Wening: "Mas, ukaguzi ulimalizika mara tu ulipotoka. Hakuna kosa hata moja. Nakala zote zinafanana sasa."

Aliusoma mara mbili. Kisha akaingia ndani taratibu, kama mgeni.

Lastri alikuwa ameketi kitandani. Kifua cha blauzi yake kilikuwa kimelowa chote, na maziwa yalikuwa bado yakichuruzika hadi kiunoni.

"Nani alikuwa akilia uani?" aliuliza.

"Ni jini, Mama Tantri. Limekwisha."

"Nilipomsikia, maziwa yalitoka yenyewe. Sikuweza kuyazuia." Alizungumza bila kumtazama mumewe. "Na huyu nilikuwa nimempakata. Hakutoa hata sauti."

Sunu alitaka kusema kwamba mashine haikuona kosa. Mtoto alikuwa mapajani, ametulia, amegeuza kichwa anamtazama, macho wazi kama yule wa kwenye picha.