Spika Iliyopiga Hodi

Kama unakula, sogeza sahani pembeni kwanza. Mambo ya kinywa husimuliwa tumbo likiwa tupu.

Palikuwa na fundi wa redio ambaye watu walimwita Besi, kwa sababu kwake yeye muziki usiotikisa kifua ulikuwa mluzi tu. Jioni moja, jua likianza kulegea, alibeba begi lake la vifaa akaenda yadi ya boti ukingoni mwa mto. Alikuwa na kazi ya kuunganisha ampli na spika kwenye boti ya starehe. Alitembea kama mtu mwenye siri tamu. Wiki ile mkewe alikuwa amejifungua. Baada ya miaka ya kungoja, ya mimba kuharibika, na ya majirani kuuliza maswali huku wamebinua midomo, nyumba yake ya vyumba viwili sasa ilikuwa na mtoto wa kike anayelia. Besi, ambaye masikio yake yalishashiba kelele za kila aina, aliapa kwamba hajawahi kusikia sauti safi kama ile.

"Usichelewe," mkewe alimwambia.

"Naunga nyaya narudi. Hata maji ya kuoga hayatakuwa yamepoa."

Aliyemwita kazini alikuwa mwenye boti, mtu nadhifu aliyejiita Kapteni ingawa hakuna aliyewahi kumwona ameshika usukani. Besi alimkuta amekaa nje ya ofisi yake. Ofisi yenyewe haikuwa na mlango. Bawaba zilikuwepo, mlango hakuna, na kitanda chake alikuwa amekitandika nje kabisa, chini ya turubai.

"Kapteni, mlango umekwenda kuoga?"

Kapteni hakucheka. "Ndani ya boti kuna spika za zamani. Usizitoe. Ziunganishe na ampli mpya, basi. Na ukimaliza, usijaribu."

"Nisijaribu?"

"Usiwashe. Nitawasha mwenyewe siku ya sherehe, tukiwa katikati ya maji."

Besi alikubali kwa mdomo, moyoni akamcheka. Fundi asiyejaribu kazi yake ni mpishi asiyeonja mchuzi. Labda huyu bwana anaogopa betri itaisha, akajiambia, akaenda zake.

Boti ilikuwa imepandishwa juu ya magogo ndani ya banda la mabati. Alipopanda ngazi na kuinama kuingia, harufu ilimpokea kabla macho hayajazoea kiza. Haikuwa ya samaki. Samaki aliyeoza ana heshima yake, anaoza hadharani. Hii ilikuwa harufu ya kitambaa cha kidonda kilichosahauliwa kwenye ndoo ya maji, na juu yake utamu, utamu wa ndizi iliyopitiliza. Akabana pua. Akawasha tochi ya kichwani.

Spika zilikuwa ndani ya maboksi ya mbao yaliyopigiliwa ukutani. Kitambaa cha mbele kilikuwa kimelowa. Alipokigusa, kiling'ang'ania kidole kwa muda mfupi kabla ya kukiachia. Akafuta kidole kwenye suruali, akafuta tena, na bado kikabaki kinateleza.

Akalegeza skrubu za boksi moja ili aone nyaya zilivyoungwa. Ndani ya boksi la spika mafundi huweka sifongo, besi itulie. Humu hamkuwa na sifongo.

Zilikuwa nywele.

Nywele ndefu, nyeusi, zilizolowa, zimeshindiliwa mpaka pembeni. Kati yake palikuwa na vipande vya kucha, vya rangi ya njano, baadhi bado vina nyama. Mate ya kichefuchefu yakamjaa Besi mdomoni. Akarudisha ubao, akakaza skrubu upesi upesi, akajiambia ni panya. Panya hujenga kiota kwa chochote. Mtu anayetaka kumaliza kazi aende kwake hakosi panya wa kumsingizia.

Akafunga ampli chini ya kiti cha nahodha. Akavuta waya mnene mwekundu kutoka kwenye betri na kuuwekea fyuzi, maana botini cheche moja ni msiba. Mweusi akaupeleka hasi. Zikabaki nyaya za spika, zile za zamani, zinazotoka ndani ya maboksi.

Koleo la kumenyea nyaya alikuwa nalo begini. Lakini fundi wa siku nyingi ana koleo jingine kinywani. Meno ya mbele ya Besi yalikuwa na kijipengo kilichochongwa na kazi. Waya unaingia humo sawasawa, unang'ata, unavuta, ganda linatoka. Mkewe alimgombeza kwa tabia hiyo mpaka akachoka.

Akaweka waya kati ya meno. Akang'ata.

Ganda likapasuka kama jipu.

Kitu cha uvuguvugu kikamtiririkia ulimini. Kizito... chenye mafuta... chenye ladha ya pamba iliyotolewa kwenye jino bovu. Akatema. Akatema tena. Akasukutua kwa maji ya chupa, akatema nje ya dirisha, na ladha ikabaki palepale, imejipaka nyuma ya meno.

Mtu mwenye akili timamu angeshuka. Lakini kazi ilikuwa inaelekea ukingoni, na nyumbani kulikuwa na mtoto. Besi akamenya zilizobaki, kwa meno yaleyale, maana mazoea yana taabu. Akaunga chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Waya wa mwisho ukiwa bado umening'inia mdomoni, akaamua kuonja mchuzi wake. Kidogo tu, asikie mvumo. Kapteni angejuaje?

Akawasha.

Taa ndogo ya kijani ikatokea kwenye ampli. Spika zikavuma. Mmmmmm...

Redio alikuwa hajaiunganisha. Hapakuwa na simu wala maikrofoni. Palikuwa na mvumo mtupu, kama inavyotakiwa, na Besi akatabasamu.

"Hodi."

Sauti ya chini, ya adabu, ya mtu aliyeshika viatu mkononi. Besi alikuwa ameinamia ampli. Akajua ni Kapteni, kaja kukagua. Na wewe ungefanyaje? Tumelelewa hivyo. Hujaota hata meno, unafundishwa kwamba hodi ya mtu haiachwi ikining'inia. Mdomo huitika kabla akili haijauliza ni nani.

"Karibu," akasema Besi.

Mvumo ukakatika.

Akageuka. Ngazini hapakuwa na mtu. Akatazama spika. Koni nyuma ya kitambaa ilikuwa imevutwa ndani, imebaki hivyohivyo, kama shavu la mtu anayefyonza mfupa. Kisha ikasukumwa nje taratibu... fuuuu... na pumzi ya uvundo ikampiga usoni.

"Nishakaribia."

Sauti hii haikutoka kwenye spika. Ilitoka nyuma ya ulimi wake mwenyewe.

Hapo ndipo alipohisi unywele. Kila mtu anaijua kero hiyo, unywele mmoja mdomoni, hauonekani, unatekenya. Akaingiza vidole, akaushika, akavuta. Ukaja. Akavuta tena. Ukaja mpaka kifuani, ukaja mpaka kiunoni, wa baridi, umelowa. Na kadiri alivyovuta ndivyo alivyohisi kitu kizito kikipanda kutoka chini ya kifua, kama ndoo inayotolewa kisimani. Akatapika, na matapishi yakapita kando ya unywele. Haukuisha. Hakutaka kukiona hicho kilicho mwishoni.

Akachukua koleo akaukata.

Kipande kilichobaki ndani kikarudi kooni chenyewe, haraka, kama tambi inayofyonzwa na mtoto.

Alishuka ngazi kwa makalio. Kapteni alikuwa amesimama mbali, nje ya banda, kitambaa cheupe puani.

"Umewasha," alinong'ona.

Besi akatikisa kichwa kukubali.

"Umeitika?"

Besi akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka Kapteni, lakini mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia.

"Nilikukataza, fundi. Mungu shahidi."

"Ni nini hiki?"

"Sijui. Niliinunua boti ikiwa nacho. Kinapiga hodi. Kila siku kinapiga hodi, na mimi nimejifunza kunyamaza. Ukikikaribisha kinakupanda wewe, lakini wewe ni njia tu. Kinachotaka ni nyumba. Mtu wa nyumba yako akikukaribisha mlangoni, kinaingia naye." Akaitazama ile ofisi isiyo na mlango. "Mke wangu alikuwa mkarimu sana..."

Besi akafuta kinywa kwa mkono. "Na sherehe? Ulitaka kuwapigia watu hiki?"

"Watu wengi, katikati ya maji. Wangeitika wote kwa pamoja, kikagawanyika. Kidogo kidogo kwa kila mmoja. Nani angejua?"

Besi akamtazama. Shati limepigwa pasi, kucha zimekatwa vizuri, marashi yananukia. Kinyaa kilichompanda kilikuwa kikali kuliko kile cha ndani ya boksi. Alitaka kumtemea mate, lakini aliogopa mate yake mwenyewe.

"Ulipata unywele?" Kapteni aliuliza. "Umeutoa wote?"

"Nimeukata."

Kapteni akafumba macho. "Ukivutwa mpaka mwisho, labda. Sina hakika. Ukikatwa, unaota." Akarudi nyuma, akazidi kurudi. "Usiende penye mlango, fundi. Lala popote, ila penye mlango usiende."

Besi alikuwa na tepu nzima nyeusi ya umeme. Aliizungusha mdomoni, akapitisha kisogoni, akazungusha tena, akabana kila mzunguko kwa kidole gumba, kama anavyobana waya ambao hataki uje upige shoti. Kisha akamwandikia mkewe ujumbe: Kazi imekuwa ndefu, nalala huku. Fungeni mlango.

Na angelala huko kweli, penye uwazi, kama si baba. Alitaka kuisikia ile sauti mara moja tu, kwa mbali, ndipo aende anakokwenda. Kwa hiyo giza lilipoingia alisimama ng'ambo ya uchochoro, mkabala na nyumba yake, amejibanza kwenye ukuta wa jirani, juu ya mtaro wa maji machafu. Chini ya ulimi wake kulikuwa kunaota. Alihisi vijinywele vikichipua kimoja kimoja kwenye fizi, vikijipangusa kwenye kaakaa, na kila akimeza mate vilimeza pamoja naye.

Dirishani taa ilikuwa inawaka. Mtoto alikuwa analia, sauti ile ile safi. Besi akalia naye, kamasi zikimshuka juu ya tepu. Midomo yake ikaanza kujipanga yenyewe. H... h... Akaung'ata ulimi mpaka damu ikatoka, na ladha ya damu ilikuwa nafuu. Basi, akajiambia. Umesikia. Nenda.

Mlango ukafunguka.

Mama mkwe wake, aliyekuja kumsaidia mzazi, alitoka na beseni kumwaga maji ya mtoto. Mama huyu alimheshimu mkwe wake hata akimwona usingizini. Akayamwaga maji, akainua uso, akakodoa macho gizani.

"Baba, si wewe huyo? Mbona umesimama huko kama mgeni?"

Besi akatikisa kichwa kwa nguvu. Akapunga mikono yote miwili, rudi ndani, rudi. Mama akacheka.

"Ati unalala kazini! Wakati umeshindwa kukaa mbali na mwanao. Hata hodi unaona haya kupiga kwako? Haya, mimi nimeshakuona. Karibu ndani, baba. Karibu."

Kitu kikateleza.

Kilipita kooni, kikapita juu ya ulimi, kikajiminya chini ya tepu na kumwacha kidevu kimelowa. Na ladha ikaondoka. Kinywa kizima kikawa safi, kitamu, kama cha mtu aliyetoka kupiga mswaki. Besi akavuta pumzi ndefu kwa pua. Kwa muda mfupi mno, Mungu amsamehe, alifurahi.

Mama alikuwa ameshageuka na beseni lake, mlango ameuacha wazi. Ndani, mtoto akanyamaza.

"Mama," ilisema sauti ya mkewe, bila wasiwasi wowote, "huyu mtoto ana unywele mdomoni. Sijui ni wangu? Nauvuta... Mbona hauishi?"

Besi akaruka mtaro. Kucha zake zilikuwa zinachimba tepu, zinachimba na mashavu, lakini aliyeifunga hakuwa mtu wa kazi ya ovyo. Haikuachia hata uzi.

"Mmmmmm!" alivuma, akikimbilia mwangaza wa mlango. "Mmmmmm!"

"Hebu niletee mkasi, mama."

"Huu hapa," mama mkwe akasema.