Nilibadilisha Unga wa Solange

Nina miaka thelathini na saba, nakaa Kikula, hapa Likasi. Msinihurumie kabla hamjasikia nilichofanya!

Nilikuwa fundi katika maabara ya profesa mmoja. Solange, msichana mpole wa mtaa wa Shituru aliyeniita yaya, yaani ndugu yake mkubwa, ni mimi niliyemfundisha kazi: kuchemsha majani ya mapera, kuchanganya maji yake na chumvi ya zinki na soda kali ya kutengenezea sabuni, kuosha, kisha kuchoma mpaka upatikane unga mweupe, laini kuliko poda ya mtoto. Unga huo unaua vijidudu vinavyowatia samaki vidonda.

Lakini wa kwake ukawa bora kuliko wangu... Profesa akawa Solange hivi, Solange vile! Akamchagua yeye kwenda kuueleza unga huo kwenye mkutano wa Lubumbashi. Na mimi? Miaka tisa nasugua chupa! Hata kicheko cha Solange kilinichoma.

Siku moja akaniambia ataujaribu unga kwenye bwawa la mfugaji. Hakusema la nani. Alipokwenda kula, niliumwaga, nikajaza chupa yake unga ambao haujaoshwa, ambao bado ulikuwa na soda ile inayounguza. Nilitaka aaibike... aaibike tu!

Kesho yake mama yangu akapiga simu. Anafuga samaki karibu na Kamatanda.

"Mutoto wangu, samaki yote ilikufa! Solange alitia dawa... Alisema tusikuambie, alitaka kukufurahisha."

Bwawa lile ndilo lililowalisha mama na wajukuu wake wanne!

Je, nilisema ukweli? Hapana! Solange akafukuzwa. Alinishika mkono mbele ya wote:

"Yaya, miye niliosha mara tano. Weye uliniona. Sema basi!"

Nikautoa mkono wake, nikarudi kusugua chupa...

Wiki tatu sikulala. Mwishowe nilikiri kwa profesa, nikapoteza kazi. Solange aliitwa arudi, akakataa. Nilimfuata Shituru, nikapiga magoti mlangoni kwao. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nakuita yaya," akasema. Akafunga mlango.

Mama naye nilimwambia. Bado ananipakulia chakula, lakini haniangalii usoni.

Ndugu zangu, wivu ukikushika, mwambie mwenzako, hata kama ni aibu! Toka nje, lia, omba likizo... lakini usiguse kazi ya mikono yake. Mimi niligusa mara moja tu, mchana mmoja. Sasa Solange anauza mkaa, na hakuna anayejua kutengeneza unga ule kama yeye.