Daftari Langu Safi la Biryogo

Nina umri wa miaka ishirini na tatu, mwanafunzi wa chuo kimoja hapa Kigali. Kiswahili hiki sikufundishwa darasani; nilijifunza mwenyewe, kwa redio na vitabu vilivyokwisha toka majalada. Barua hii nimeichana mara tano kwa kuona makosa. Ya sita naituma kwenu wasomaji jinsi ilivyo... kwa kuwa kosa langu kubwa halimo katika maandishi.

Mwaka jana tulikuwa na kikundi cha wanafunzi wa kujitolea. Kila Jumamosi tulishuka mtaa wa Biryogo kuwatembelea wazee wasio na watu wa kuwaangalia: kuwatekea maji, kuwafagilia, kuwasomea barua. Mimi nilikuwa katibu. Nilichoka kuwaona wenzangu wakienda kupiga soga, kisha wanarudi wakijiita watu wa huruma. Nilitaka kazi yetu iwe na maana. Basi nikaweka sheria: kila mzee aweke alama ya dole gumba katika daftari, na pembeni iandikwe alichofanyiwa.

"Na akipiga chafya tuandike?" Dafroza aliuliza, watu wakacheka.

Dafroza na mimi tulilala chumba kimoja, tukala sahani moja. Nilicheka pia, lakini neno hilo lilinichoma.

Ukurasa wa mzee wake ulibaki mtupu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya nne... Alikuwa akienda kwa Mama Zaituni, mjane aliyewahi kuwa fundi cherehani, na kukaa huko saa tatu nzima. Nikimuuliza wamefanya nini, ananijibu, "Tumekaa."

Tumekaa? Mtu hukaa tu saa tatu?

Nyakati hizi za vita na vyama mnazijua. Kila mtu anamchunguza mwenziwe: ni wa chama gani, anapeleka habari kwa nani. Nami nikaanza kumtazama Dafroza kwa jicho hilo. Kwa nini alisukuma kitu ndani ya mkoba nilipoingia chumbani?

Jumamosi moja nilimfuata, nikasimama kichochoroni karibu na dirisha la Mama Zaituni. Niliwasikia wakicheka. Jerikani lilikuwa mlangoni, kavu. Jirani akaniambia, "Huyo msichana akifika wanafunga mlango. Sisi hatujui iko nini mule."

Niliyaandika yote daftarini, kwenye ukurasa wa Mama Zaituni, pamoja na saa, kwa mwandiko wangu mzuri.

Kwenye mkutano niliyasoma mbele ya kikundi kizima. Jina la Mama Zaituni, nyumba yake, mlango uliofungwa... Kiongozi mmoja wa mtaa alikuwepo, tulimwalika wenyewe. Nikamtaka Dafroza ajieleze.

"Dada, ungeniuliza chumbani," alisema. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Yule kiongozi alilisifu daftari langu, akaomba akalisome kwake siku chache. Nilimpa kwa mikono miwili. Nilijivuna!

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Mama Zaituni mimi mwenyewe. Nilijaza jerikani, nikafagia mpaka pembeni. Kisha nikatoa karatasi na wino. Akauficha mkono wake chini ya khanga.

"Mwanangu, mimi siweki kidole," alisema. "Vita vilipoanza, waliomchukua kijana wangu Zuberi walikuja na daftari. Wapole kama wewe. Wakauliza jina, wakaandika. Mpaka leo sijamwona."

Nikamuuliza, basi Dafroza huja kufanya nini?

"Yule haji kunisaidia, anakuja kujifunza. Namfundisha kushona matundu ya vifungo. Tunafunga mlango kwa sababu anashona vibaya, anaona haya." Akacheka. "Tangu Zuberi aondoke, watu wananiletea tu. Yeye peke yake ndiye aliyeniomba kitu."

Alinionyesha kitambaa. Matundu yamepinda, mengine makubwa kama jicho la ng'ombe... Kitambaa cha namna hii ndicho kilichofichwa mkobani.

Je, nilimwambia kwamba jina lake lilikuwa limesomwa mkutanoni, na daftari liko mikononi mwa mtu? Sikumwambia. Niliona aibu. Nikamuaga, nikaenda zangu.

Siku chache baadaye wanaume wawili walifika kwake kumuuliza habari za mgeni wake, na za Zuberi. Hayo niliyasikia kwa jirani Jumamosi nyingine, nimesimama mbele ya kufuli. Mama Zaituni ameondoka. Labda yuko kwa ndugu zake Masaka, nje kidogo ya Kigali, labda mbali zaidi. Hakumuaga mtu. Jerikani nililolijaza lilikuwa pale pale mlangoni, maji hadi shingoni. Hakuyagusa.

Daftari lilirudishwa. Ukurasa wa Mama Zaituni haumo. Umekatwa kwa rula, taratibu, na mtu nadhifu kama mimi.

Dafroza alihama chumba. Nasikia kila Jumamosi huenda Masaka kuulizia. Tukikutana hunisalimu kama mtu asiyenijua, na sina haki ya kudai zaidi.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi wa vyuoni, msipite njia yangu. Kabla hujaandika ulichomtendea mtu, muulize yeye anataka nini, na umwache naye akupe alicho nacho. Na ukimshuku rafiki yako, usilete karatasi, usiite watu. Muulize chumbani.