Gari Lisilopigiwa Kengele

Jumamosi ile Jepkosgei alimaliza kuuza maziwa yake mapema, na hakuwa na haraka ya kwenda popote. Stesheni yenyewe ilikuwa ndogo, kwenye mteremko wa kutoka Elburgon: jukwaa moja la kokoto, benchi mbili, tangi la maji, na nyuma yake msitu uliopanda hadi milima ya Mau. Gari la moshi la asubuhi lilikuwa limeshateremka Nakuru na watu wa soko. La kuwarudisha lingepanda jioni. Jepkosgei aliketi akinywa chai, na mtoto wake Chepchirchir, msichana wa miaka mitatu na kitu, alikuwa kando yake akichezea vijiwe.

Kila mtu pale alijua kwamba hakumzaa yeye. Mama yake alikuwa Wangeci, aliyekuwa jirani ya Jepkosgei kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu. Mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa Emajensi, serikali ya kikoloni ilipopigana na Mau Mau, askari waliwakusanya Wakikuyu wa mashamba na kuwapakia kwenye mabehewa pale pale stesheni. Wangeci alikuwa na kichanga kinachochemka homa. Gari lilipoanza kusogea, alimpitisha mtoto dirishani.

"Nishikie huyu, dada yangu," alisema. "Nitarudi kumchukua."

Hakurudi. Mwaka uliofuata zilikuja habari kwamba alifia huko walikopelekwa. Jepkosgei alilia, kisha akampa mtoto jina la Kipsigis, Chepchirchir, ili pasiwe na askari wa kumuuliza maswali. Jina la kwanza, Wamaitha, hakulitamka tena, hata mbele ya mumewe.

Alasiri ukungu ukashuka. Hilo lenyewe halikuwa ajabu, kwani huko juu ukungu hushuka hata mchana wa jua kali. Lakini huu ulishuka na kunguru wakanyamaza wote kwa pamoja.

Ogola, mzee aliyepiga kengele na kupunga bendera, alitoka ofisini. Aliinama, akaweka kiganja juu ya reli.

"Mama, umesikia gari?"

"Sijasikia kitu."

"Hata mimi." Aliondoa kiganja haraka, akakifuta kwenye suruali. "Lakini reli inatetemeka. Na hakuna gari saa hii."

Simu haikuwa imelia. Kengele haikuwa imepigwa.

Gari likaja.

Lilikuja bila moshi, bila mlio wa magurudumu, mabehewa ya rangi ya udongo yakipita moja baada ya jingine ndani ya ukungu. Lilipunguza mwendo kama lililofika kwake. Madirisha yalikuwa yamejaa watu. Jepkosgei alitafuta sura hata moja asiione. Wote walikuwa wametazama upande wa pili. Aliona visogo tu.

Dirisha moja halikuwa na mtu. Mikono miwili tu ilikuwa imenyooshwa nje, viganja juu, kama ya mtu anayepokea mtoto.

"Usiwaangalie," Ogola alinong'ona. "Mfunike mtoto macho."

Jepkosgei akapapasa kando yake. Benchi ilikuwa tupu.

"Wamaitha," sauti ikaita. Iliita taratibu, kama mama anavyoita akiwa mlangoni.

"Ĩĩ, maitũ," mtoto akaitika.

Aliitika "ndiyo, mama" kwa Kikikuyu, lugha ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha.

Jepkosgei aliona miguu midogo ikiinuka kutoka kwenye kokoto. Ikaingia dirishani. Ikapotea.

Hakukumbuka alivyokimbia. Alijikuta amening'inia kwenye lile dirisha, mikono yake yote miwili ndani. Ndani mlikuwa na baridi ya kisima. Akapapasa. Akagusa nguo. Akagusa goti lisilo la mtoto. Akaushika mguu wa mtoto na kuvuta.

Aliyekuwa ndani hakuvuta. Alishika tu, kama mtu ambaye hajamaliza.

Gari likaanza kusogea.

"Wangeci," Jepkosgei alisema. "Wangeci, ni mimi. Nimemlea. Anakula. Anacheka. Huko unakompeleka atakula nini?"

Kokoto zilikuwa zikimponyoka chini ya vidole vya miguu.

"Niachie, dada yangu. Nakuomba."

Mikono ile ikalegea.

Alianguka chali jukwaani, mtoto juu ya kifua chake. Ogola alimshika shuka na kumburuta mbali na reli. Walipoinua macho, palikuwa na ukungu tu, na kunguru wameanza tena kelele zao.

"Haya tusiyaongee," Ogola alisema. "Si kwa watu wa shamba, si kwa bwana stesheni." Akaingia ofisini na kujifungia.

Jepkosgei alimbeba mtoto mgongoni njia nzima hadi nyumbani, akikaribia kukimbia. Mtoto hakulia. Aliimbaimba tu kwa sauti ya chini, maneno ambayo Jepkosgei hakuyaelewa.

Nyumbani alimketisha karibu na moto amkague. Miguu mizima. Mikono mizima. Kofia ya sufu bado ilikuwa imefungwa chini ya kidevu kwa fundo alilolifunga mwenyewe asubuhi, juu ya nywele timtim ambazo hakupata nafasi ya kuzichana. Akalifungua fundo. Akavua kofia.

Kichwa chote kilikuwa kimesukwa. Mistari myembamba, imenyooka, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, inang'aa mafuta ya mbarika ambayo nyumba yake haikuwa nayo. Kazi ya kumkalisha mtoto katikati ya magoti tangu mchana hadi jua litue.

Nyuma ya sikio la kushoto, msuko mmoja ulikuwa umeachwa nusu.